Inapona kwa Fundi, Inaugua Nyumbani

Mama Nembo aliibonyeza ile picha ya sindano kwa mara nyingine, akaondoa mkono kwenye mausi taratibu kama mtu aliyetua yai mezani, akasubiri. Kompyuta ilinguruma kidogo, ikawaza, kisha ikamtolea kile kisanduku cha kijivu chenye alama nyekundu. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza. Maana hakuijua, lakini sura yake aliijua vizuri, kama mtu anavyoijua sura ya jirani mkorofi akiwa bado mbali. Binti yake mkubwa, anayefanya kazi kwenye duka la dawa mji mwingine, alishamsomea kwa simu: kibali cha programu kina tatizo, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyemuuzia alihama zamani, na namba yake siku hizi ilipokelewa na mwanamke mmoja ambaye alikuwa ameshachoka kupigiwa na watu asiowajua.

Akabonyeza tena. Kisanduku kikatoka tena.

Chumba alichokaa ni kile cha mbele, ambacho kwenye nyumba nyingine kingekuwa cha kupokelea wageni. Hapo palikuwa na mashine ya kudarizi, kubwa kama kabati lililolazwa chali, na kando yake meza ya kompyuta. Mahali pengine pote, hadi juu ya makochi, palirundikwa sweta za bluu za shule, ndogo kwa kubwa, zote kifua kitupu. Mgeni akija alikaa juu ya watoto wa watu.

Shule ilikuwa inafunguliwa wiki inayofuata. Karani wa shule alikuwa amempigia na kusema, kwa ile sauti yake ya upole inayotisha kuliko kelele, kwamba mwalimu mkuu anataka kila mtoto aingie getini na nembo kifuani siku ya kwanza. Kama kazi imemzidi aseme mapema tu, hakuna ubaya, maana yule jamaa wa sokoni mwenye mashine mpya ameshapita ofisini kuwasalimia. Mama Nembo alizijua salamu za namna hiyo. Mtu haachi duka lake asubuhi kwenda kuisalimia shule. Na shule ikishaingia mikononi mwake hairudi, kwa sababu atakuwa ameshaichora nembo yake, na nembo ikishachorwa kazi kubwa imekwisha.

Jina la Mama Nembo hakuzaliwa nalo. Alimaliza darasa la saba, akaingia kwenye duka la fundi cherehani kushona vifungo na kutoboa matundu yake, na huko alikaa miaka mingi akiinamia mashati ya watu mpaka shingo ikazoea kuinama. Mashine ya kudarizi aliinunua kuukuu pamoja na kompyuta yake na programu yake, na mwenye kuuza alimfundisha alasiri moja tu. Alijifunza kwa mahali vitu vilipo, si kwa majina yake. Kwanza picha ya sindano. Halafu kifuko cha njano, cha tatu kutoka juu. Halafu kile kitufe chenye mshale. Kwa njia hiyo, kidogo kidogo, alichora nembo za shule kadhaa, moja baada ya nyingine, mienge na vitabu na ndege wenye mabawa yaliyomkosesha usingizi, na watoto waliokuja kuchukua sweta ndio waliompa jina.

Nembo zote hizo zilikuwa ndani ya kompyuta. Mashine yenyewe haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima usiku, asubuhi inaamka mtoto mchanga, haijui lolote, mpaka kompyuta iitumie nembo kwa waya. Programu isipofunguka, mashine ni meza, tena meza mbaya, maana huwezi hata kukatia kitambaa juu yake.

Wa kwanza kuja kusaidia hakuitwa. Alikuwa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kupachika vioo vya madirisha, anayekaa chumba cha uani na anayejua kila kitu isipokuwa wakati wa kwenda kwake. Aliingia akiwa na kikombe mkononi, akaitazama kompyuta kama daktari anayetazama mgonjwa wa bure, akatangaza kwamba ni virusi. Mama Nembo alimuuliza virusi vimeingilia wapi, na kompyuta hii haijawahi kuunganishwa na intaneti hapa nyumbani. Shemeji akasema basi ni vumbi. Akafungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi ya madirisha, akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi lote likamrudia usoni, akatoka humo na kope nyeupe kama muuza unga.

"Shemeji, hili dude lina umri gani?" aliuliza akijipangusa.

"Lina umri wa ndoa yako ya kwanza," Mama Nembo akamjibu. "Ila lenyewe limedumu."

Mumewe, aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu ili awahi zamu yake ghalani, alicheka mpaka akakosea kufunga. Mama Nembo hakucheka. Aliwasha tena, akabonyeza sindano, kisanduku kikatoka. Vumbi halikuwa na hatia.

Ikabidi iende kwa Fundi Chaja. Kijana huyu aliitwa hivyo kwa sababu alianzia kwenye kutengeneza chaja za simu barazani kwa watu, na sasa alikuwa na kibanda chake, chembamba kama mfuko wa kalamu, ambamo kompyuta za watu zilipangwa hadi darini. Mume aliifunga kompyuta kwenye blanketi, akaibeba nyuma ya baiskeli, na Mama Nembo akatembea nyuma yake akiwa ameishikilia kwa mikono miwili kama anayesindikiza mgonjwa. Walipofika, Fundi Chaja aliiunganisha kwenye nyaya zake, akaiwasha, akabonyeza hiki na kile huku akiongea na mteja mwingine kwenye simu, kisha akabonyeza sindano. Programu ikafunguka. Ikafunguka hivi hivi, bila kisanduku, bila kusita, na nembo zote zikajipanga mbele yao.

Mama Nembo aliona haya. Alijieleza kwamba nyumbani ilikataa, kwamba si yeye peke yake aliyeona, kwamba hata mumewe ni shahidi. Fundi Chaja alimwambia asijali, mara nyingi ni nyaya tu zinalegea.

Wakairudisha. Mama Nembo alichomeka nyaya mwenyewe. Hakosei, kwa sababu kila waya ameufunga uzi wa rangi na kila tundu amelipaka rangi hiyo hiyo, mwekundu kwa mwekundu, kijani kwa kijani. Akawasha. Akabonyeza sindano. Kisanduku.

Wakaipeleka tena. Kwa fundi ikafunguka tena.

Kuna mtoto wa namna hiyo kila nyumba. Anakohoa usiku kucha mpaka mama anamfunga mgongoni alfajiri na kukimbia naye kwa daktari, na akifika kwa daktari anatabasamu, anacheza na kalamu ya daktari, na daktari anamtazama mama kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. Mama Nembo alikuwa amelea wanne, alishatazamwa hivyo mara nyingi. Lakini mtoto angalau unaweza kumfinya akalia. Kompyuta ukiifinya inakutazama tu.

Shemeji alishauri kwamba kama inapona kwa fundi, basi mashine ya kudarizi nayo ihamie kwa fundi. Mama Nembo akamwambia aibebe yeye, na wakiifikisha, fundi akae wapi, mfukoni mwake? Shemeji akasema yeye anatoa mawazo tu, kubeba ni kazi ya wengine.

Safari ya tatu Fundi Chaja alikuja mwenyewe nyumbani. Alisogeza sweta, akakaa, akawasha, akakiona kisanduku kwa macho yake. Angalau hilo lilimpoza Mama Nembo roho kidogo. Fundi alikagua soketi, akakagua waya wa umeme, akafungua ubavu na kushika shika vitu vya ndani, akazima na kuwasha mpaka jasho likamtoka. Mwishoni aliegemea kiti na kusema lile neno ambalo Mama Nembo alikuwa akilingoja na kuliogopa.

"Mama, hapa tupige windo tu."

Kupiga windo alikuwa amekusikia kwa kila aliyewahi kupeleka kompyuta kwa fundi. Ndiyo dawa ya yote. Kompyuta ikiwa nzito, pigwa windo. Ikizima yenyewe, pigwa windo. Alimtaka amweleze polepole, kama anamweleza mtu mzima asiyejua, maana ndivyo alivyokuwa. Fundi alieleza vizuri: ni kufuta Windows yote ya kompyuta na kuiweka upya. Ni kama kuhamisha kila kitu ndani ya nyumba, kufagia, kupaka chokaa upya, halafu kurudisha vyombo. Nembo zake zinaweza kunakiliwa pembeni zisipotee. Ila programu ya kudarizi yenyewe hainakiliki. Hiyo lazima ifungwe upya kutoka kwenye diski yake. Diski anayo?

Hakuwa nayo. Hakuwahi kupewa. Fundi alijaribu kumpa moyo kwamba ipo programu nyingine mpya, anaweza kuipakua bila shida na itaongea na mashine hiyo hiyo. Mama Nembo akauliza, na nembo zangu zitafunguka humo? Fundi akakuna kichwa. Zile za zamani, hapana. Itabidi zichorwe upya.

Kuchora nembo moja kulimchukua majuma. Na shule inafunguliwa wiki ijayo.

Alimpigia binti yake. Binti alikuwa na wateja, akaongea kwa sauti ya chini na ya haraka, akasema alishasema siku nyingi kwamba ile kompyuta ni mkweche, na mama hataki kusikia. Apige windo, aanze upya, ndivyo watu wote wanavyofanya. Mama Nembo akasema watu wote hawana sweta za shule nzima kwenye makochi. Binti akasema mama, mteja ananiita. Simu ikakatika, na Mama Nembo akabaki ameishika sikioni akiisikiliza ilivyonyamaza.

Aliwaza mchana wote huku akikunja sweta ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Asipopiga windo, hana kazi ya kupeleka shuleni. Akipiga, hana kazi ya kupeleka shuleni, na nembo zote zimebaki picha zisizo na mlango. Kwa upande mmoja hakukuwa na chochote. Kwa upande mwingine hakukuwa na chochote ila fundi angalau alikuwa na hakika. Alasiri, amechoka kuogopa, alimwambia Fundi Chaja aje afanye anavyojua.

Fundi alikuja na diski yake ya nje, akaunganisha intaneti ya simu yake na kompyuta ili apakue kitu cha kunakilia, akaanza kazi. Kunakili kulikwenda kwa mwendo wa konokono. Akasema itaendelea usiku, yeye atarudi asubuhi kupiga windo, na sharti ni moja tu: kompyuta isizimwe.

Hapo ndipo mumewe alipoanza kucheka, kwa sababu alimjua mkewe. Mama Nembo alikuwa na tabia, na tabia hiyo ilikuwa na sababu yake: nyumba moja mtaa wa pili iliwahi kuungua kwa pasi iliyosahauliwa. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kulala alizunguka nyumba nzima na kuchomoa kila plagi ukutani. Kuzima swichi hakukumtosha. Alichomoa redio, alichomoa pasi ambayo haikuwa na joto tangu juzi, alichomoa mashine, alichomoa kompyuta, na waya aliuweka sakafuni mbali na soketi kana kwamba unaweza kurudi wenyewe. Watoto walimwita askari wa umeme. Shemeji, aliyechomolewa simu yake ikiwa haijajaa zaidi ya mara moja, alimwita majina mengine.

Usiku huo haukuwa na usingizi. Kila alipofumba macho alinusa moshi ambao haukuwepo, akainuka, akaenda kuishika kompyuta ubavuni kama anayepima homa, akarudi.

Asubuhi, kabla fundi hajaja, alikaa mbele ya ile kompyuta kuiaga. Hakuwa na tumaini lolote. Mkono tu ulikwenda kwenye sindano kwa mazoea, ukabonyeza.

Programu ikafunguka.

Hakuita mtu. Aliogopa hata kupumua kwa nguvu. Alifungua kifuko cha tatu, akabonyeza mshale, akavuta sweta ya kwanza kwenye fremu, na mashine ikaanza kupiga sindano. Fundi Chaja alipofika alimkuta amezungukwa na nyuzi, rundo dogo la sweta zenye nembo likiwa limeshakua pembeni yake. Kijana alifurahi kwa ajili yake, lakini alisema ukweli: ugonjwa usiojulikana umetoka wapi utarudi, ni afadhali kupiga windo sasa kuliko kuja kukwama katikati. Mama Nembo alimwambia kwamba leo hakuna mtu atakayeigusa hiyo kompyuta, wala kuizima, wala kuegemea meza yake. Hata shemeji asiingie na kikombe.

Akawa mtumwa wa kompyuta. Yeye aliyechomoa hata pasi ya baridi alilala tena na kompyuta inayowaka, na kesho yake akadarizi tangu kumekucha, akila kwa mkono mmoja. Alifika karibu nusu ya sweta.

Halafu umeme ukakatika. Si wao tu, mtaa mzima ulizima, mashine ikanyamaza sindano ikiwa imekwama katikati ya herufi. Uliporudi aliwasha kompyuta, akabonyeza sindano.

Kisanduku cha kijivu, alama nyekundu.

Alikaa juu ya sweta. Hakulia, hasira ilikuwa imekausha mahali machozi yanapotokea. Alikuwa na hasira na watu wa umeme, na aliyemuuzia, na binti yake mwenye wateja, na jamaa wa sokoni mwenye salamu, na zaidi ya wote na hiki kitu kilichokuwa kikimpa na kumnyang'anya bila kumwambia alichokosa. Mtu akikununia unaweza kumuuliza. Hiki kilinuna kwa Kiingereza.

Fundi Chaja alikuja jioni hiyo hiyo, na safari hii hakuja kubishana. Alichomeka flashi yenye windo, akasema nembo ziko salama kwenye diski, tusipoteze muda. Alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe. Mama Nembo akamshika mkono.

"Subiri, mwanangu. Kwanza nionyeshe ulichofanya siku ile."

"Siku gani, mama?"

"Ile uliyokuja kunakili. Asubuhi yake ilifunguka. Mtoto akipata nafuu nauliza amekula nini."

Fundi alisema hakufanya kitu, alinakili tu. Mama Nembo akasema hajauliza kuhusu kunakili, anauliza kabla ya kunakili. Akae vile vile, afanye vile vile, hatua kwa hatua, hata kama alijikuna sikio ajikune. Shemeji, aliyesimama mlangoni kwa sababu alikuwa amekatazwa kuingia, alisema sasa shemeji anageuka mganga. Fundi alishusha pumzi, akachomoa flashi yake, akaanza upya kwa heshima ya mtu anayempisha mama yake foleni.

Mama Nembo hakutazama skrini. Kwenye skrini hakuwa na cha kusoma. Alitazama mkono. Miaka yote ile kwenye duka la cherehani alijifunza kazi kwa kutazama vidole vya wengine, kwa sababu mafundi hawasemi nusu ya wanachofanya, na nusu wasiyoisema ndiyo kazi yenyewe. Mkono wa Fundi Chaja uliwasha intaneti ya simu. Ukaunganisha. Halafu ukateleza mpaka pembe ya chini ya skrini, ukabonyeza kitu, ukabadilisha kitu, ukarudi, haraka kama mtu anayepangusa kiti kabla ya kukaa.

"Hapo," Mama Nembo alisema. "Hapo pembeni umefanya nini?"

"Hapo? Hamna kitu, mama. Naweka saa tu. Tarehe ikiwa mbovu intaneti haifunguki."

"Imekuwaje mbovu?"

Fundi Chaja aliirudia ile pembe kwa macho. Kisha, bila kunakili wala kupakua chochote, akapeleka mshale kwenye sindano na kubonyeza.

Ikafunguka.

"Huwa naiweka," alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Kila inapokuja kibandani naiweka. Kompyuta zote za zamani naziwekea saa, hata siangalii."

Alieleza akiwa ameshaanza kufungua ubavu. Ndani kuna betri ndogo ya duara, sawa na kifungo cha koti, kazi yake ni kuishikia kompyuta saa na tarehe pale umeme usipokuwepo. Hii imekufa. Ukiizima kwa swichi tu na kuiacha ukutani, inapata umeme kidogo wa kushikilia. Ukiichomoa, inasahau, inarudi mwaka iliotengenezwa. Na programu ya kudarizi inatazama tarehe, inaona ni mwaka ambao bado haijauzwa kwa mtu yeyote, inakataa kufunguka. Kibandani inawekwa saa, inapona. Ikichomolewa na kufungwa kwenye blanketi, inaugua njiani.

Mama Nembo aliuliza kwa nini yeye hakuiona hiyo saa, na huku macho yake huona uzi uliokosea rangi kutoka mlangoni. Akajijibu kabla fundi hajajibu. Aliiona tangu siku ya kwanza. Lakini saa ile haikuwahi kusema saa kama watu wanavyosema. Ikiwa saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika nane. Ikiwa saa nne, inaandika kumi. Alishaizoea kuwa saa ya uongo, akaacha kuitazama, na ilipoanza kusema uongo mwingine hakujua tofauti.

Mlangoni, shemeji alinyoosha shingo kuiona ile betri.

"Kwa hiyo mchomoaji wa plagi ni nani humu ndani?" aliuliza. "Kumbe virusi vyenyewe ni shemeji."

Mumewe akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Mama Nembo alimwambia shemeji kwamba siku nyumba ikiungua yeye ndiye atakayeachwa ndani. Lakini moyoni hakupata faraja aliyoitegemea. Ukiumwa na kitu kikubwa unapata angalau heshima ya kuumwa. Siku zote hizo, safari zote zile za baiskeli, usiku wote ule wa kunusa moshi, kwa ajili ya kifungo. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko kosa, na sasa haikuwa na pa kukaa.

Fundi Chaja alipachika betri nyingine. Mama Nembo alidarizi bila kuinua kichwa. Siku moja kabla ya shule kufunguliwa alizipeleka sweta ofisini kwa karani, amezipanga kwa ukubwa, amezifunga kwa kitambaa safi.

Karani alimpokea vizuri mno, na kwa hilo akajua. Alisema walingoja sana. Alisema mwalimu mkuu aliingiwa na wasiwasi. Zile za watoto wa darasa la kwanza walinunua mpya, wakampa jamaa wa sokoni adarizi, si kwa ubaya, ni kwa ajili ya kujihami tu. Akatoa moja kabatini amwonyeshe.

Mama Nembo aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza, akatazama nyuma ya nembo, mahali ambapo uongo wa fundi hujionyesha. Nyuzi zilikuwa zimelala vizuri. Hakuna kivimbe, hakuna uzi uliovutwa. Alitafuta kosa kama anavyotafuta chawa, hakuliona.

"Kwa muhula ujao itakuwaje?" aliuliza.

Karani alisema muhula ujao utajulikana muhula ujao. Za kwake amezipokea zote, na asante. Wataona nani anayewahi.

Njiani kurudi alipitia kibandani kwa Fundi Chaja. Kijana alidhani kompyuta imekufa tena, akainuka haraka. Mama Nembo akamwambia haijafa, na ndiyo maana amekuja. Alitaka ile programu mpya. Aifunge humo humo pembeni, bila kufagia, bila kufuta hata kitu kimoja, ili ya zamani ibaki inafunguka. Atazichora nembo zake upya moja moja, kwa muda wake, akizitazama zile za zamani. Akimaliza ya mwisho, atakuja mwenyewe kumwita apige windo lake mpaka aridhike. Lakini hatapigiwa windo huku sweta za watu zimelala kwenye makochi na karani yuko kwenye simu.

Fundi aliifunga siku iliyofuata. Ilikuwa na rangi nyingi, na picha ndogo ndogo zilizojaa juu na pembeni, na sindano haikuonekana popote. Fundi alimwonyesha mara mbili, akaitwa na mteja, akaondoka. Mama Nembo akabaki peke yake mbele ya skrini. Kifuko cha tatu hakikuwa cha njano. Kitufe cha mshale kilikuwa kimehamia mahali anapoishi mwingine. Alibonyeza picha moja, kila kitu alichokuwa amechora kikapotea. Akasema neno ambalo hakulitumia mbele ya watoto, akatafuta njia ya kurudi, akaipata kwa bahati.

Mumewe aliuliza kutoka ndani kama amekwama. Alijibu kwamba ndiyo, amekwama, na asije.

Alibonyeza inayofuata. Haikuwa yenyewe. Akarudi nyuma, akabonyeza iliyo kando yake.